Mikeka Kumi ya Mwalimu Subira

Kabla ya adhana ya alfajiri, wembe wa Bi Mashavu ulisikika ukichana ukindu, chwi, chwi, chwi. Tasnim, mjukuu wake, akageuka kitandani.

"Herufi gani leo, bibi?"

"A. Si ndiyo mnayoila? Lala, mke mwenzangu, hakujakucha."

A ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza. Kila baada ya wiki tatu vidole vya watoto viliilegeza kwenye mikeka ya shule, ikafuata I, kisha N. X ilikuwa mpya kama siku iliposukwa. Bi Mashavu alikuwa akiikata ile iliyochakaa na kushona nyingine ya zambarau mahali pake, alfajiri, ukindu ukiwa bado na unyevu wa usiku.

Siku hiyo alishona kwa haraka, hata akajichoma sindano mara mbili, akacheka. Walikuwa wanakwenda Kibiti, Mwalimu Subira akatuzwe. Mlangoni zilikaa kamba kumi za makumbi ya nazi alizozisokota mwenyewe mwezi mzima. Alikuwa anakwenda kufungia maboksi kumi ya kompyuta za shule, arudi nazo nyumbani.

Kompyuta zenyewe zilitolewa na mradi mmoja miaka minne nyuma. Zilifika Kibiti, zikawekwa ghalani. Kikokoni ni kijiji cha wakata mikoko na wavua kaa, ng'ambo ya Kiongoroni, na umeme hakuna. Mradi ukaandika kwamba kompyuta haziwezi kupelekwa pasipo na umeme. Watu wa sola nao wakaandika kwamba hawawezi kufunga sola kwenye shule isiyokuwa na kifaa cha kutumia umeme. Mwalimu Subira alizibandika barua hizo mbili ukutani, akawasomea watoto, kisha akachora kibodi kumi kwenye karatasi za manila ili wasikae kungoja tu. Masika moja ikazila karatasi zote kwa unyevu na chumvi. Ndipo akaenda kwa Bi Mashavu, na sukari kilo mbili, na haya usoni.

"Bibi, unaweza kusuka herufi?"

"Nimesuka majina ya mabwana harusi wa kijiji kizima. Hizo herufi zenu zinamshinda Abdulazizi kwa urefu?"

Basi ikasukwa mikeka kumi. Watoto walikaa wawiliwawili, vidole mahali pake, macho mbele. Mwezi wa tatu tangu hapo, mlinzi wa ghala la Kibiti, Mashaka, mtu wa Ruaruke mwenye mvi na sauti ya chini, akampigia simu mwalimu.

"Mwalimu, watoto wako wanaandika vizuri. Ila huyu wa boksi la saba hajui nukta. Anakwenda tu, hapumui."

Mwalimu alimshukuru, na siku hiyohiyo akafundisha nukta.

Yaliyoandikwa kwenye mkeka wa kwanza yalikuwa yakitokea kwenye boksi la kwanza, ya wa pili kwenye la pili, hadi la kumi. Herufi ziling'aa kupitia kwenye boksi lililofungwa kwa gundi na lakiri, kama taa iliyowashwa ndani ya chandarua. Kompyuta hazikuwa zimechomekwa popote. Mashaka alinakili kila neno kwenye daftari la zamu, maana utaratibu wa ghala ni kuandika kila kinachoingia. Mradi ukatuma barua kwamba vifaa vinatumika bila fomu. Mwalimu Subira akajaza fomu. Mwaka ulipopita, mkubwa mmoja alilisoma daftari lile jalada hadi jalada, akasema mwalimu huyu lazima atuzwe, awe Mwalimu Kinara wa Teknolojia.

Kwa hiyo asubuhi ile Kikokoni nzima ilikuwa majini hadi magotini, ikishangilia. Khamis alitoa boti yake bure, akaisugua, akaacha nafasi ya maboksi kumi katikati. Bi Mashavu aliona kwamba amemkunjia gunia la kukalia, kwa ajili ya nyonga yake, akalikalia. Watoto waliimba mpaka boti ikapotea kwenye mikoko. Mwalimu Ismaily, mwenzake Subira shuleni, alibaki nao. Saa nne kamili wangeandika kwenye mikeka.

"Bibi, na kama hawatatupa?" Mwalimu Subira aliuliza walipokaribia gati la Nyamisati. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima na alivishika mkononi visilowe.

"Mtu anakuita kukutuza mbele za watu, halafu akunyime kilicho chako? Vaa viatu."

Ukumbini Kibiti kulikuwa na mapambo, viti vyenye vitambaa na kipaza sauti kilichopiga mluzi. Boksi la saba lililetwa kutoka ghalani, likawekwa jukwaani juu ya meza. Saa nne kamili likawaka.

SHIKAMOO MGENI RASMI.

"Marahaba," mgeni rasmi alijibu kwenye kipaza sauti.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bi Mashavu alipiga vigelegele hadi taya zikamuuma. Mwanamke wa kiti cha jirani, asiyemjua, akampokea na kuendeleza pale pumzi yake ilipokatika. Boksi likawaka tena.

TUNAOMBA KOMPYUTA ZETU. BIBI AMEKUJA NA KAMBA.

Mgeni rasmi alilisoma kwa sauti, kituo kwa kituo. "Mmeona? Nukta mahali pake kabisa. Wapigieni makofi!"

Wakapigiwa. Mwalimu Subira akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa, maboksi haya tunaondoka nayo leo?"

"Mwalimu, Kikokoni umeme umefika?"

"Haujafika, mheshimiwa."

"Basi. Na bila umeme mmefanya haya yote! Ndiyo maana tunakutuza."

Makofi yakawa makubwa kuliko yale ya mwanzo. Mwalimu alipewa cheti chenye fremu na ngao ya kioo. Bi Mashavu alipewa doti ya khanga. Boksi la saba likarudishwa ghalani, na Bi Mashavu akalifuata nyuma na kamba zake begani. Hakuna aliyemzuia.

Mashaka alimpokea mlangoni. "Shikamoo, bibi. Wewe ndiye mwenye mikeka."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe ndiye mwenye nukta."

Maboksi yalipangwa juu ya mbao, mbali na pale paa lilipovuja. Chini ya tundu palikuwa na ndoo. Juu ya maboksi palikuwa na shuka la bluu lenye kiraka.

"Shuka la mradi hili?"

"Langu. Vumbi la humu ni kali." Akalifunua, akaonyesha kwa kidole. "Huyu wa saba nani?"

"Tasnim. Mke mwenzangu."

"Mwambie nukta zake sasa zimetulia."

Bi Mashavu aliweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa la vuguvugu, kama yai lililotoka kutagwa. Watoto walikuwa hawajatawanyika, Mwalimu Ismaily ameshindwa kuwarudisha makwao, na maneno yalipita chini ya kiganja chake moja baada ya jingine: MMESHATOKA. MMEFIKA WAPI. TUMEFAGIA DARASA.

Alisimama hapo hadi yakakoma.

"Hukuwahi kuwajibu?"

"Sina ruhusa ya kufungua, bibi."

"Nani kasema ufungue? Wao wanabonyeza mkeka."

Mashaka akaligusa boksi kwa ncha ya kidole. Bi Mashavu alishusha kamba begani, akaweka moja moja juu ya kila boksi, akalitandaza shuka vizuri.

"Zikae hapahapa. Siku nikija nisibebe tena."

Walirudi na cheti. Kijiji kikachinja mbuzi, ngoma ikalia, watoto wakapokezana ile ngao wakitazamana kupitia kwenye kioo. Cheti kilibandikwa ukutani darasani, katikati ya barua mbili. Jumatatu Mwalimu Subira akatandika mikeka kumi, akasema, "Vidole mahali pake."

Wiki tatu baadaye, kabla ya adhana, Bi Mashavu aliketi sakafuni na mkeka wa saba mapajani, chwi, chwi, chwi. Alikuwa ameshaikata A ya zamani. Hapo miraba ya mkeka ikaanza kuzama yenyewe, polepole, kama inayobonyezwa na mtu mzima anayejifunza. Bi Mashavu alisoma kwa midomo, kama alivyozoea kusoma. B. I. B. I. Ikatulia. U. J. E. Ikatulia. T. E. N.

Kisha ikasimama. Mahali pa A palikuwa na tundu tu, sakafu ikionekana. Kitu kisichoonekana kikawa kinagusa kingo za tundu, taratibu, kwa adabu.

"Ngoja, mwanangu," Bi Mashavu alisema. "Ngoja nikushonee."

Akatunga uzi mara moja tu, bila kukosea. Akashona upande wa juu, upande wa chini, akafunga fundo, akaondoa kidole. A mpya ikazama. Kisha, mwishoni kabisa, ikazama nukta.

BIBI UJE TENA.