Kioo cha Mnara wa Nether Cullow

Muriel Vowles alikuwa amepiga magoti katikati ya ngazi za mnara, akizoa vijiti vilivyoangushwa na kunguru na kuvitia guniani. Kesho wageni wa ziara ya majengo ya kale wangeanzia kwenye magofu ya ghala la watawa, wapitie kanisa la Oldcombe kuona sanamu ya mawe ya shujaa asiye na pua, kisha wamalizie hapa Nether Cullow kwa chai, keki na mlio wa kengele. Nusu yao wangetaka kupanda mnara. Muriel, mzee wa kanisa, hakutaka mtu ateleze.

Alipofika penye ufa alisimama, kama kawaida yake, akaumulika kwa tochi. Ufa ule ulipanda ukutani hadi chumba cha kengele, na kuukatiza palibandikwa kipande chembamba cha kioo, kila ncha imeshikwa kwa saruji upande wake wa ufa. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, kioo huvunjika. Kilikuwa kizima. Akashusha pumzi, akainama achukue kijiti, kisha akainuka tena. Saruji ilikuwa mpya mno. Na tarehe aliyoichora mwenyewe kwenye saruji kwa msumari haikuwapo.

"Clem! Hebu panda."

Kaka yake, kiongozi wa wapiga kengele, alikuwa chini akikagua kamba. Alipanda taratibu huku akihema.

"Kama umeona popo, mwache. Ndiye muumini pekee anayekuja kila siku."

"Nani amebadilisha kioo hiki?"

Clement alitazama ukuta, kisha viatu vyake. "Mimi."

"Cha kwanza kilifanya nini?"

"Kilikuwa kioo cha dirisha la banda, Muriel. Kitu cha ovyo."

"Nimekuuliza kilifanya nini."

"Kilipasuka. Jumatano, baada ya mazoezi. Nikaweka kingine. Mnara huu umezika wafalme wangapi? Hauangushwi na wewe na tochi yako."

"Kesho watu watakaa chini yake, Clem. Mabenchi ya chai yako palepale."

"Na kesho wanakuja wapiga kengele wa bonde zima." Aliinua mikono yake, viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. "Ukisubiri mafundi na vibali vya dayosisi, vidole hivi havitashika kamba tena. Nipe kesho tu. Keshokutwa tia kufuli, nitakushikia tochi."

Muriel aliitazama mikono ile. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Tangu mkewe afariki, kengele ndizo zilizomtoa nyumbani. Pengine wapige kidogo tu, aliwaza. Pengine chai iandaliwe nje. Akafungua kinywa amwambie hivyo.

Tik.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayekata kucha. Wote wawili waligeuka. Hakukuwa na upepo, wala kengele haikuguswa. Kioo kipya kilikuwa kimepasuka katikati, na nusu moja imeteremka chini kuliko nyingine. Ndani ya ufa, vumbi la chokaa lilianza kuchuruzika bila haraka.

"Si mimi," Clement alinong'ona, kama mtoto aliyekutwa kabatini.

"Najua. Shuka. Usishike ukuta."

Muriel alimpigia kasisi simu kutoka uani: hakuna kengele, hakuna mnara, wageni waishie Oldcombe. Clement alisikiliza hadi mwisho bila kupinga. Kisha akashika benchi upande mmoja, dada yake upande wa pili, wakaanza kuyatoa mabenchi moja moja na kuyapanga kwenye nyasi, mbali na kuta.

Likabaki kabati kubwa la majoho ya kanisa. Clement alilisukuma kwa bega, halikutikisika. Juu yake vumbi jeupe lilikuwa limeshatanda.

"Liache," Muriel alisema. "Kesho tutaleta kamba ndefu, tulivute tukiwa nje."

"Na majoho?"

"Nayo yabaki."

Wakatoka. Muriel akauvuta mlango wa mnara, ule ambao asubuhi aliufunga kwa kidole kimoja. Uligoma. Ilibidi Clement aje, washike pamoja, wavute kwa nguvu zote. Na hata hivyo pembe ya juu haikuingia kwenye fremu.

"Tuuache hivyo," Clement alisema. Akarudi nyuma, huku akiutazama mnara.