Mgeni wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumanne ya pili ya Februari, saa moja asubuhi, Chizuru Endo alikuwa akimalizia kupaka wino ukurasa wa kumi na moja wa manga yake, hadithi ya picha, na chini dukani mama yake, Bi Toyoko, alikuwa akikata tofu, jibini ya soya waliyoiuza. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Katika ukurasa huo, msichana wa miaka kumi na mitatu aitwaye Kayo alikuwa akila chakula cha mchana darasani, na wenzake wote wamegeuza meza zao kumpa mgongo. Chizuru alipoinua kalamu, Kayo alifunga kisanduku chake cha chakula, akashuka kutoka ukurasani, akavua viatu na kuuliza choo kiko wapi.

Alikuwa mweusi na mweupe, na kijivu kidogo mashavuni. Bi Toyoko alipopanda na chai alimtazama, akasema mtoto huyu amekonda, akarudi chini kuleta bakuli la tatu.

Tangu hapo Kayo alishuka kila asubuhi. Alikula wali na supu ya miso yenye mwani, akaacha alama za wino kwenye vikombe, na Bi Toyoko akazisugua kwa chumvi bila kulalamika. Jirani alipouliza mtoto ni wa nani, aliambiwa ni wa Chizuru, wa kazini. Jirani akasema kazi za siku hizi zina mambo, akanunua tofu mbili. Kila sura mpya ya manga ilipotoka, Kayo alirefuka kidogo.

Hadithi ilikuwa ya Chizuru mwenyewe. Majina tu ndiyo aliyobadilisha. Alipokuwa na umri huo, darasa zima lilikubaliana kutomsemesha mwaka mzima. Aliyetoa amri ni binti wa Bwana Sugawara, msimamizi wa jiko la shule. Chizuru hakusema neno nyumbani, na kwa miaka thelathini aliamini kwamba nyumbani hakuna aliyejua.

Mhariri wake, Bwana Igarashi, mtu mpole, alipiga simu kutoka Tokyo. Alisema wasomaji wanalia mno, akaomba Kayo apatiwe rafiki mmoja kabla ya mwisho, hata paka. Chizuru alimfikishia Kayo ombi hilo.

"Paka ananipa chafya," Kayo alisema. "Na huyo rafiki, wewe ulikuwa naye?"

"Sikuwa naye."

"Basi usinizulie mtu. Nitaongea naye nini?"

Siku moja ya Novemba, Chizuru alikuwa akishuka ngazi kufuata karatasi alipowasikia dukani. Kayo alikuwa akikamua maziwa ya soya kwenye kitambaa. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki.

"Bibi, wewe ulijua?"

Bi Toyoko aliendelea kukata.

"Nilijua. Vile viatu. Walikuwa wanavitupa mtaroni, anarudi navyo vimelowa, anaviacha mlangoni anakwenda kulala. Mimi navijaza magazeti, navikausha pale kwenye jiko la soya, navirudisha kabla hajaamka. Mara kumi na moja."

Alieleza kwamba tofu ya shule nzima ilitoka kwake, na aliyeweka sahihi ya ununuzi ni Sugawara. Mumewe alikuwa kitandani mwaka ule, hawezi hata kushika kijiko. Angefungua mdomo, angefunga duka. Kisha aliweka kisu chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Hakusema mjukuu wangu.

Kayo alisema amesamehe, akaendelea kukamua.

Chizuru alisimama kwenye ngazi ya tano mpaka mguu ukafa ganzi. Utotoni aliamini kwamba viatu vikilala mlangoni hukauka vyenyewe, na hakuona ajabu yoyote.

Sura ya mwisho aliichora kama ilivyokuwa, bila rafiki na bila paka. Mwezi Machi Kayo alimaliza shule. Bi Toyoko alimfungia wali ndani ya tofu za kukaanga, Chizuru akambebea begi hadi stesheni. Karani alimkatia tiketi ya kwenda tu, akamwonya asiguse viti kwa wino mbichi. Treni iliondoka kwa wakati wake.

Alhamisi ya wiki hiyo binti wa Sugawara, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa jiko la shule, alikuja kuchukua mzigo wake wa tofu. Chizuru alimsaidia kupakia makreti garini. Walizungumza juu ya theluji, wakainamiana, mgeni akaondoka.

Wakati wa chakula Bi Toyoko aliuliza kama mtoto alipata pa kukaa.

"Alipata, mama. Dirishani."

"Afadhali."

Akamwekea Chizuru kipande kikubwa cha samaki, yeye akabaki na mkia. Chizuru alitaka kumwambia kwamba aliyasikia yale ya viatu. Alinyoosha miguu chini ya meza mpaka ikagusa ya mama yake, iliyokuwa baridi kama maji ya tofu, na hakuna aliyeondoa yake.