Kaimati za Kamaludin

Katika Mji wa Kale, sahani ya jirani hairudi tupu. Nekesa alilijua hilo tangu alipohamia Kibokoni na bintiye Ashley, wa miaka saba. Mombasa nzima hawakuwa na ndugu. Mlango uliowafungukia ulikuwa mmoja tu, wa Mama Kamaludin wa ghorofa ya chini, na mwanawe Kamaludin ndiye aliyekuwa rafiki pekee wa Ashley.

Ramadhani ilipoandama, Mama Kamaludin akawaletea mbaazi na mahamri. Nekesa, mwanamke wa mkono mkunjufu na hasira za karibu, akanunua kuku wa kienyeji sokoni Makupa, akamchinja mwenyewe, akampika kama kwao Bungoma, akarudisha sahani imejaa.

Asubuhi Ashley akachungulia dirishani.

"Mama, Mama Kamaludin anawapa paka kuku wetu!"

Nekesa akawaka. "Kumbe sisi ni wachafu? Basi na chao tutawapa paka. Na usishuke tena kucheza."

Hasira hasara, lakini nani humwambia mtu aliyekwisha kuwaka? Jioni zikawa ndefu. Ashley alikaa ngazini akiwasikiliza wenzake wakicheza uchochoroni. Nekesa naye akirudi kutoka kazini, hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Upweke ulimkaba, akajifanya hauoni.

Ijumaa Mama Kamaludin akapanda, akabisha hodi.

"Mama Ashley, hamshuki tena, na Kamaludin tangu jana analia, hasemi sababu. Ni yule kuku? Alichinjwa ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Naliona manyoya pale bombani. Sisi hatuli asochinjwa ni Muislamu, shoga yangu. Nikaona haya kukwambia. N'samehe. Siku nyengine n'letee yu hai, babake Kamaludin amchinje, tule sote."

Nekesa akacheka huku machozi yakimtoka. Haikuwa dharau, ilikuwa dini ya watu, na yeye hakuuliza.

"Ashley, shuka ukacheze na Kamaludin."

Mtoto hakuinuka.

"Hatanitaka. Jana aliniletea kaimati, alizipika na mamake. Nikawamwagia paka, yeye akiniona."

"Ashley! Kwa nini?"

"Si wewe ulisema?"

Mama Kamaludin akainamisha kichwa. Nekesa akaenda dirishani. Chini uchochoroni watoto walikuwa wakichaguana kwa mchezo mpya, wakitajana majina, na jina la Ashley halikutajwa.