Siku Mbili Bila Spana

Mwaka ule baridi iliingia Vermont kwa kiburi. Watu waliosimama barabarani kuzungumza zaidi ya dakika kumi waliondoka wakaviacha vivuli vyao vimegandia kwenye theluji, wakarudi kuvikwangua mwezi wa nne. Lakini Orrin Tatro hakuwa na habari na baridi hiyo. Mzee huyu wa miaka sitini na mitatu alikuwa amebanwa na jambo jingine: mkewe Claudette alikuwa amepata mtu wa kununua nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wageni, vyumba saba, kulala na kifungua kinywa. Claudette aliachiwa na shangazi yake, na kwenye hati kulikuwa na jina lake peke yake. Ila humo ndani hakukuwa na bomba ambalo Orrin hakulikunja kwa mikono yake, wala mlango ambao hakuunyamazisha kwa mafuta. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiilea nyumba ile kama mtu anavyolea kuku wagonjwa. Sasa daktari wa meno kutoka Boston alikuwa anaitaka, karatasi ziko tayari, inangojwa saini moja tu.

"Kwa nini lakini?" Orrin aliuliza.

"Kwa sababu miaka ishirini na miwili naamka saa kumi na moja alfajiri kuwachekea watu nisiowajua," Claudette alisema, huku akikatakata siagi kwa ajili ya keki za kesho. "Mashavu yananiuma, Orrin. Na wewe nikikutafuta naona miguu tu, kichwa kiko chini ya sinki."

"Sinki lilikuwa linavuja."

"Kila siku kuna kinachovuja. Mimi nikivuja utajua?"

Orrin akaangalia sinki. Claudette akaliona jicho lake lilikokwenda, akaweka kisu chini.

"Haya, nikupe nafasi, usije ukasema nilikuonea. Nipeleke mahali. Ijumaa na Jumamosi tulale kama wageni, tuandaliwe sisi. Hugusi spana, hubebi sahani, humpi mtu ushauri. Siku mbili uwe mume wangu tu. Ukiweza, nampigia daktari wa meno atafute kwingine. Ukishindwa, Jumatatu natia saini."

"Spana hata ndogo?"

"Orrin."

"Nauliza tu, mama, nijue sheria."

Ikabaki kuchagua pa kwenda. Wakatandaza ramani juu ya meza, Claudette akafunga penseli kwa uzi akachora duara la mwendo wa saa tatu, maana gari lao lilikuwa zee kuliko wageni wao wengi na halikupenda kulala mbali. Ndani ya duara kulikuwa na nyumba za wageni kumi na moja. Kwa wapenzi wengine hiyo ni neema. Kwa hawa wawili ilikuwa balaa. Wenye nyumba za wageni wa milima ile wana desturi yao: mwenzao akija kulala hatozwi kitu. Anapewa chumba kizuri kuliko vyote, anamiminiwa divai, halafu anaambiwa, "Hebu sema kweli, unaionaje nyumba?" Hapo hapo anashikishwa tochi na kuteremshwa chini kuliangalia boila, ule mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto. Na Claudette alikuwa katibu wa chama chao kwa miaka tisa. Hapakuwa na mlango wa mwanachama ambao wangebisha wasitambulike.

"Hii ya ziwani ina meko chumbani," Orrin alisema.

"Kwa Wexler? Kabla hatujavua makoti atatuonyesha boila lake jipya. Mwaka jana alinionyesha picha zake mazishini."

"Na hii yenye beseni la kuogea lenye umbo la moyo?"

"Wewe hutaona moyo, utaona bomba. Futa."

Orrin akafuta. "Kwa Lavinia je?"

"Ana midoli arobaini na mmoja chumbani. Nilipolala kule nilivua nguo gizani kwa aibu."

Ya nne ilinunua magodoro ya zamani ya kina Orrin, na Orrin alijua kila godoro liliondolewa kwa kosa gani. Mwenye ya tano alikuwa ameachwa na mkewe mwezi wa kumi, na Claudette alisema yule angekuja kukaa kitandani kwao, tena katikati. Ya sita na ya saba zilikuwa za ndugu wawili wasiosemeshana. Ukilala kwa mmoja lazima umwambie amemshinda mwenzake. Penseli ikaendelea kula ramani. Kila jina lililofutwa Orrin aliona kama mlango unafungwa na funguo zinabaki upande wa pili.

Mwisho ikabaki moja, pembeni kabisa mwa duara, ng'ambo ya mto upande wa New Hampshire. Ilikuwa imefunguliwa majira ya majani kuanguka na mume na mke waliotoka mjini, na mtu wa chama alikuwa hajaikanyaga.

"Hawa hawatujui," Claudette alisema, akifungua picha zao kwenye simu, na uso wake ukawa mwepesi kidogo. "Angalia mishumaa hiyo."

Orrin akaivuta picha ya simu kwa vidole viwili ikawa kubwa. Nyuma ya mishumaa, kando ya dirisha, aliona bomba la maji ya moto limepandishwa pale lilipotakiwa kuteremka. Aliyelifunga ama alikuwa amelewa, ama alikuwa mpwa wa mtu aliyepewa kazi kwa undugu. Orrin akairudisha picha ikawa ndogo.

"Pazuri," akasema.

Wakajiandikisha kwa jina la Claudette la kabla ya kuolewa, Robitaille, na Ijumaa alasiri wakafika. Mwenye nyumba, Ansel, alikuwa kijana mrefu mwenye sweta jipya. Mkewe Dahlia alikuwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Karibuni sana. Na mnafanya kazi gani huko kwenu?" Ansel aliuliza.

"Tumestaafu," Claudette akawahi.

"Posta," Orrin akaongezea, na kwa kuwa kijana yule alionekana kungoja zaidi, akampa zaidi. Alimwambia jinsi alivyowahi kupeleka barua moja kwa miaka minne, kwa sababu aliyeandikiwa alikuwa akihama kila alipokaribia, na siku alipompata ilikuwa ni barua ya kumtaka asihame. Ansel alisikiliza kwa heshima. Claudette alifinya midomo asicheke, na Orrin akajiona ameanza vizuri.

Bomba lilianza kugonga wakati wa chakula cha jioni. Ko. Kimya. Ko, ko. Mtu mwingine angedhani ni nyumba inajinyoosha. Orrin alijua ni hewa imenasa na pampu inahangaika kuisukuma. Akaweka mikono chini ya mapaja akaikalia. Claudette alikuwa akimsimulia jambo, amevaa gauni la bluu ambalo alikuwa hajalivaa tangu harusi ya binti yao, na mshumaa unampendeza.

"Nimesemaje?" aliuliza ghafla.

"Umesema... ndiyo."

Claudette akarudi kwenye sahani yake.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Orrin alisimama kutoka mezani, na alipogutuka alikuwa na sahani tatu zimepangika mkononi, moja juu ya kiwiko. Claudette alikohoa. Orrin akazirudisha moja moja, kila moja mbele ya mwenyewe, huku Dahlia akimshangaa kama mtu aliyeona mbwa anahesabu.

"Mazoea ya posta," Orrin alisema.

Saa saba theluji ikaanza kumwagika. Saa nane barabara ya mlimani ikafungwa, na hata Orrin angetaka kukimbia hapakuwa na pa kukimbilia. Saa tisa kugonga kukakoma. Kimya hicho kikamtoa Orrin jasho, kwa sababu bomba linalogonga linaumwa, lililonyamaza limekufa.

Ansel aliteremka chini ya nyumba na simu yake. Wakamsikia mtu wa kwenye video akifundisha kwa furaha jinsi ya kutengeneza boila ambalo halikuwa lile. Aliporudi pua ilikuwa nyekundu.

"Samahanini sana. Fundi anasema hawezi kupanda mlima hadi kesho mchana."

Orrin alifungua mdomo. Claudette akamtazama. Orrin akaufunga. Meko ya sebuleni ilikuwa ya umeme, moto wa picha tu, unacheza vizuri na haumpashi joto hata nzi.

Wakapanda chumbani, wakaingia kitandani na makoti na kofia. Nje kulishaanza kuwa kijivu. Barafu iliota ndani ya kioo cha dirisha, na Orrin angeapa kwamba glasi ya maji iliyokuwa mezani ilijisogeza yenyewe karibu na blanketi.

"Ni pampu?" Claudette aliuliza.

"Mimi sisikii kitu."

"Mwongo wewe."

"Imejaa hewa. Robo saa, spana moja na ndoo."

"Sijakuuliza dawa."

"Umeuliza ugonjwa."

Orrin akapiga hesabu. Kesho saa nne wanaondoka. Zimebaki saa kama kumi na nane tu. Hakutakiwa kufanya lolote, kulala tu kama gogo, na nyumba ingebaki: mabomba yake, bawaba zake, ngazi aliyoipiga randa msimu mzima. Kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa, na ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Akageuza kichwa amwambie Claudette kwamba anaweza, aone.

Claudette alikuwa ameficha vidole kwapani. Midomo ilikuwa na rangi ya zabibu. Alikuwa ameyabana meno kwa nguvu, taya limemvimba, na Orrin akachukua muda kuelewa. Alikuwa anayazuia yasigongane, ili asije akaonekana anamtega. Alimwekea mumewe mtihani, na sasa alikuwa anajigandisha kimya kimya ili mtihani uwe wa haki.

Ndipo Orrin akakumbuka chumba wanacholala kwao, kile kidogo nyuma ya jikoni, kwa sababu vyenye joto ni vya wageni. Majira ya baridi ishirini na mawili mwanamke huyu amelala na soksi mbili, na yeye hakupeleka bomba hata moja kule. Bomba likiumwa linagonga. Mke hagongi.

Akatoa miguu kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

"Orrin, ukigusa kile kitu, Jumatatu natia saini. Sitanii."

"Najua hutanii," Orrin alisema, akivaa viatu. "Una baridi."

Chini alimkuta Ansel ameshika tochi mbele ya boila, kwa mbali, kama mtu aliyekutana na fahali kwenye njia nyembamba.

"Una spana?"

"Mzee, si ulisema ulikuwa posta?"

"Posta kuna kila kitu, bwana. Lete na ndoo."

Ilichukua robo saa, kama alivyosema. Aliitoa hewa, maji meusi yakatemwa kwenye ndoo, pampu ikapiga chafya ikaanza kuimba. Macho yake yalipita juu ya mabomba mengine, na kila moja lilikuwa aibu tupu. Ansel akamulika pembeni.

"Na hili hapa linalotiririka, mzee?"

Lilikuwa linahitaji kukazwa mara mbili tu. Spana ilikuwa bado mkononi.

"Hilo ni lako," Orrin alisema, akamkabidhi spana, akapanda ngazi.

Claudette alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameweka kiganja juu ya kile chuma cha mbavu kinachopasha chumba, chini ya dirisha, anakihisi kinavyopata uhai.

"Umegusa."

"Nimegusa."

"Nitatia saini."

"Najua."

Mikono ya Orrin ilikuwa myeusi na hakujua aiweke wapi. Kwenda kote chini na kurudi alikuwa akiiaga nyumba yake, chumba baada ya chumba, na alikuwa hajafika hata nusu.

"Nimemsikia yule kijana kupitia mabomba, anakuuliza," Claudette alisema. "Kuna kingine kinavuja."

"Kipo."

"Umekitengeneza?"

"Kinavuja mpaka sasa hivi."

Claudette akacheka. Si kile kicheko cha mezani anachowapa wageni, ambacho Orrin alikijua kwa urefu na upana. Hiki kilitoka tumboni na kukwaruza, hakikuwa na adabu yoyote. Akavua kofia, akamsogezea blanketi.

"Njoo basi, na makucha yako hayo."

Jumapili harufu ya nyama ya kukaanga na chapati za maji ilipanda ngazi saa mbili. Saa tatu zikaja hatua za Dahlia, zikasimama nje ya mlango, na wote wawili wakazisikia. Walizijua hatua zile: za mtu aliyeamka alfajiri, ambaye chakula chake kinapoa na hathubutu kubisha kwa nguvu. Mguu wa Claudette ukaruka wenyewe kuelekea sakafuni. Orrin akaubana kwa mguu wake, na pole pole ukalegea.

"Mama Robitaille?" Dahlia aliita. "Kifungua kinywa kiko tayari."

"Tumesikia, mwanangu," Claudette alijibu kwa sauti ya mgeni mkorofi kuliko wote aliowahi kuwahudumia. "Kiache kipoe."

Jumatatu saa tano akatia saini, kama alivyosema. Orrin ndiye aliyeishika karatasi isiteleze mezani. Katikati ya jina Claudette akasimamisha kalamu, akangoja hadi Orrin alipoinamisha kichwa kukubali, ndipo akamalizia herufi za mwisho.