Foronya Iliyofungiwa Kabatini

Tangu mama yao afariki, msusi aliona nyumba inamponyoka kidogo kidogo. Si kuta wala bati, bali vitambaa. Marehemu mama alikuwa mdarizi, na katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa uchi. Makochi yalivaa, meza ilivaa, redio ilivaa, hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia yake ya kufuma. Mashuka na foronya ndiyo usiseme, maua yalitambaa pembe zote. Mama mwenyewe hakuwa na habari ya kutunza. Kilichochafuka alikifua, kilichochakaa alikigeuza cha kushikia sufuria, kisha akakaa kibarazani akaanza kingine. Sasa hakukuwa na wa kuanza kingine.

Basi msusi akaanza kukusanya. Alianza na vitambaa vya makochi, akaja kwenye cha meza, akamalizia na vya jikoni. Kila kitu alikifua, akakipiga pasi, akakipanga kabatini na vidonge vya kuzuia nondo. Akatia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Mdogo wake, fundi pikipiki aliyekuja kula pale kila mchana, alimtazama siku chache, kisha akampa jina: Bibi Kufuli.

"Dada, mbona nyumba imekuwa kama tumehamia jana?"

"Kwa ajili ya mikono yako ya grisi."

"Mama alinifumia vitambaa nifutie mikono hii hii."

"Mama alikuwepo wa kufuma vingine. Wewe unajua kufuma?"

"Sijui."

"Basi kula."

Kilichobaki nje ya kabati ni matandiko ya baba. Baba yao alikuwa seremala, na kitanda kile alikiunda mwenyewe alipooa. Siku hizi akili yake ilikuwa ikimtoroka na kurudi kama kuku asiyefungiwa. Kuna siku alimwita binti yake "dada", kuna siku alitafuta msumeno ambao ulishauzwa zamani. Lakini usingizi wake haukuwa na shida. Alilala ubavu, mkono mmoja kwenye foronya, kidole gumba kikipapasa maua ya manjano yaliyoinuka pembeni. Alipapasa, akapapasa, mpaka akasinzia.

Msusi alikuwa akiona matokeo yake siku za kufua. Petali zilikuwa zimeanza kufumuka. Kitambaa kilikuwa chembamba pale pembeni, hata ukikiinua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Anamla mama, aliwaza siku moja, mikono ikiwa ndani ya povu. Wazo lenyewe lilimtia aibu, lakini halikumtoka.

Asubuhi moja, baba akiwa bafuni, msusi alivua kitanda chote. Akatandika shuka jipya la dukani, lenye mistari, linaloteleza kama ngozi ya samaki. Foronya ya maua akaiweka kabatini, juu kabisa, akafunga.

Baba alirudi na taulo begani, akasimama mlangoni. Alitazama kitanda, akatazama dirisha, akatazama tena kitanda.

"Samahani, binti," alisema. "Chumba hiki cha nani?"

"Chako, baba."

"Ehee."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Msusi alimwona. Alimwona kabisa, na kitu kikamchoma. Lakini saluni yake ilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, na mteja wa kwanza alikuwa ameshamtumia salamu mara mbili. Akamwachia baba chai, akaenda.

Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja, nusu imesukwa nusu imesimama, fundi viatu aliyehamia juzi pale kona alipopita akimsalimia.

"Mgeni wenu ameondoka salama?"

"Mgeni gani?"

"Mzee. Ameniaga vizuri sana. Kasema amelala kwa watu, wamemkarimu, lakini sasa anarudi kwake."

Kitana kilimtoka msusi mkononi. Mteja alisema kitu, hakukisikia. Alikimbia nyumbani na kukuta mlango umerudishwa taratibu, chai haijaguswa, na kitanda kimetandikwa vizuri kuliko alivyokitandika yeye, kama anavyofanya mtu mwenye adabu aliyelala ugenini.

Alimpigia mdogo wake simu huku anakimbia. Mahali pa kwanza alipofikiria ni karakana ya zamani ya baba, ambayo sasa ilikuwa duka la rangi. Muuzaji alitikisa kichwa. Akaenda kwenye barabara kubwa, ambako malori yalipita yakivuta vumbi, na kila honi ilimpasua moyo. Aliuliza wauza maji, aliuliza wapiga debe. Mzee mrefu, kofia ya kijivu? Hapana. Hatujamwona. Jaribu kule.

Mdogo wake akamkuta pale, akazima pikipiki.

"Jana alikuwa mzima kabisa. Leo kumetokea nini?"

Msusi aligeukia barabara, akitafuta kofia ya kijivu.

"Dada. Leo asubuhi kumetokea nini?"

"Nimebadilisha shuka," alisema msusi. "Na foronya."

Fundi pikipiki alimtazama. Bora angemtukana. Alimpa kofia ngumu tu, akasema, "Panda."

Walizunguka mitaa ya nyuma wakienda polepole, kila mmoja akitazama upande wake. Jua lilikuwa limeshapanda. Msusi alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, akivuruga dua zote alizozijua, ndipo aliposikia ile sauti ambayo kila mtu mjini anaijua na kuiogopa.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

"Si yeye," alisema mdogo wake haraka mno. Lakini alikata kona kuelekea kelele zilikotoka.

Watu walikuwa wamejaa kwenye ua usio na geti. Kati yao alisimama mzee mrefu, kofia imeanguka, amekumbatia shuka jeupe lenye maua, vibanio vya kamba bado viking'ang'ania pindo. Kijana mmoja alikuwa amelishika upande wa pili, anavuta.

"Achia! Mzee mzima unaiba nguo za watu!"

"Hii ni kazi ya mke wangu," baba alikuwa akisema, kwa upole, kama anayemweleza mteja bei ya meza. "Niacheni nikalale."

Kijana akavuta kwa nguvu. Shuka likapasuka, na mpasuko ule msusi aliusikia mpaka kwenye meno. Kundi likapiga yowe. Mwanamume mmoja wa nyuma alikuwa ameokota kipande cha mbao.

"Ni baba yangu!" Msusi aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Alipenya kwa viwiko. "Ni baba yangu jamani, ni mgonjwa!"

"Wote wakikamatwa huwa wagonjwa!"

"Anajifanya kichaa huyo!"

Alifika, akamkumbatia baba kwa nyuma. Msusi akalitazama shuka lile. Halikuwa la mama. Maua yalikuwa ya zambarau, na mshono ulikuwa wa cherehani. Mama hakuwahi kutia cherehani kwenye ua.

"Baba, hili si letu. Liache."

"Dada," baba alimwambia, macho yamemtoka, "waambie hawa watu. Nimelitafuta tangu asubuhi."

Akalikaza zaidi. Mwenye mbao akasogea. Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa kwa kishindo, akatoka mwanamke mnene mwenye aproni, mikono ina unga hadi viwikoni. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule, na sauti yake ilizoea kunyamazisha ukumbi.

"Shuka ni la nani?" aliuliza.

Watu wakatazamana.

"Nauliza, shuka ni la nani?"

"Lako, mama," alisema yule kijana.

"Mwenye mali hajalia, nyie mnalilia nini? Wewe, tupa hiyo mbao. Tupa, nimesema!"

Mbao ikaanguka, lakini hakuna aliyeondoka. Watu walibaki wamezunguka, wanangoja. Msusi alijua kwamba mpishi mmoja hawezi kuwazuia mpaka jioni, na baba hakuwa na nia ya kuachia. Aliushika ufunguo shingoni. Fundo la uzi lilimkatalia, akaukata kwa kuuvuta, ukamchubua.

"Juu kabisa," alimwambia mdogo wake, akimtupia ufunguo. "Foronya yenye maua ya manjano. Kimbia!"

Pikipiki ikanguruma. Msusi alibaki amemshika baba, uso wake mgongoni mwa shati lake, ananusa sabuni ya asubuhi. Kila mtu aliyejongea, alimtazama machoni. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akatema mate. Mpishi alisimama mbele yao, mikono kiunoni, unga ukimdondoka. Baba alikuwa akiimba kitu kidogo puani, na kidole gumba chake kilikuwa kikitafuta kwenye shuka la watu, kinatafuta, hakipati.

Mdogo wake alirudi na foronya ndani ya shati. Msusi akaichukua, akaitelezesha chini ya mkono wa baba, ile pembe iliyochakaa.

Kidole kikapapasa. Kikasimama. Kikapapasa tena. Mabega ya mzee yakashuka, vidole vingine vikalegea kimoja kimoja, na shuka lile likaanguka miguuni pake.

"Haya, twendeni," alisema baba. "Mama yenu atakuwa anangoja."

Kundi likaanza kupungua, wengine wakijifanya walikuwa wanapita tu. Msusi aliokota shuka. Lilikuwa limepasuka kutoka pindo hadi katikati.

"Nitakuletea jingine," alimwambia mpishi.

"Lete, usilete. Mpeleke mzee akapumzike."

Jioni ile baba alilala kwenye matandiko yake, na vitambaa vya makochi vikarudi makochini. Msusi hakufanya hivyo kwa moyo mweupe. Mdogo wake alipofutia mkono kitambaa cha meza siku iliyofuata, ilimbidi ainuke aende jikoni akahesabu pumzi. Foronya nayo iliendelea kuliwa mpaka ikatoboka. Akaitia kiraka kwa mshono wa ovyo, maana hakuna sindano aliyoijua isipokuwa ile ya kushonea nywele. Baba alipapasa kiraka, akanung'unika, "Fundi gani huyu?" Lakini alilala.

Kwa mpishi alipeleka shuka alilolichagua mwenyewe. Lilikuwa lile ambalo mama alilidarizi kwa ajili ya harusi ya msusi, harusi ambayo mwenye kuposa aliikimbia. Halikuwahi kutandikwa.

"Hilo?" mdogo wake alishangaa. "Si ungempa jingine?"

"Lake lilikuwa zuri," alijibu msusi, akakata maneno.

Mpishi alilitandika pale pale, mbele ya macho yake, akaketi juu yake na aproni yake ya jikoni. "Linakaa vizuri," alisema. Msusi akaaga.

Njia ya kwenda sokoni ilipita pale. Kila wiki msusi aliliona kwenye kamba, juani kabisa, jua la saa saba lisilo na huruma. Alipita wiki ya kwanza. Alipita ya pili akigeuza uso. Baadaye akaona nyekundu ya maua imeanza kuwa rangi ya waridi, akashindwa, akabisha hodi.

"Samahani, mwenzangu. Ukilianika upande ule wa kivuli, rangi haitoki."

Mpishi akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Kwani ulinipa au uliniazima?"

"Nilikupa."

"Uliponipa, uliliachia kweli?"

Msusi alitaka kuomba radhi, lakini kicheko kikamtangulia, kibaya, cha puani. Mpishi naye akacheka. Kisha akalitazama jua, akalitazama shuka, akavuta kibanio.

"Haya, shika ncha hiyo. Usiburuze chini."

Wakalibeba pamoja, kila mmoja na pembe zake mbili, wakivuka ua kuelekea kivulini.