Diski ya Mama

Kaka yangu anapenda vya kuonekana. Alipounda kompyuta ya kuhifadhia sauti ya mama, alinunua boksi la kioo lenye taa za rangi zote. Ile pawa saplai inayogawa umeme ndani akachukua ya bei ya kutupa. Fundi alimsihi achukue iliyo imara.

"Inakaa ndani, fundi. Nani ataiona?"

Mama alikuwa anaumwa. Kila jioni alikaa mbele ya maikrofoni akiwasimulia wajukuu hadithi. Anakohoa, anajicheka, anaendelea. Nikamwambia kaka tuweke nakala pengine. "Dada, una wasiwasi mno!"

Tulipotoka kumzika, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Pawa saplai ikaungua na kuiua diski yenye sauti ya mama.

Fundi alipofunga pawa saplai nyingine, zile taa ziliwaka zote, utadhani kuna harusi. Nilitamani kuzivunja. Kisha akaiinua diski na waya zake, akaiweka sikioni kama mafundi wanavyofanya, kusikia kama inazunguka.

"Inagonga tu," akasema. "Humu hakuna cha kuokoa. Poleni sana."

Kaka akafungua mdomo. Nikamwambia afunge.

Nikaichukua ile diski, nikaiweka sikioni mwangu. Ilikuwa na joto. Tik. Tik. Tik. Nikafumba macho, nikasikiliza.

"Na mimi, dada," kaka akasema, machozi yanamtoka, mkono kaunyoosha.

Sikumpa.