Mkwaruzo kwenye Distributa

Kosa alilifanya saa moja asubuhi, kwa nia njema kabisa, tena huku akijipongeza.

Baba yake alikuwa hajafika gereji. Gari la mteja wao, Msajili, lilikuwa katikati ya sakafu, jeupe, kongwe kuliko binti mwenyewe, boneti juu. Binti aliwasha injini, akabana taa ya taimingi, ya kupimia wakati wa cheche, kwenye waya wa plagi ya kwanza, akaimulika puli kule chini, gurudumu linalozungushwa na injini. Taa hiyo huwaka na kuzima kila plagi hiyo inapotoa cheche, na katika mwako huo mfupi, alama iliyochongwa kwenye puli inayozunguka huonekana imesimama. Alama ilisoma nyuzi nne. Kitabu cha gari kilitaka kumi.

"Ah, Baba," alisema peke yake, na moyo ukamuuma.

Maana Baba alikuwa hasikii tena. Wote walilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua kuliko wote, ila alilificha kwa ukaidi. Ukimrudia swali, alikwambia watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Miaka arobaini alikuwa ametega taimingi bila taa wala kitabu, mpaka wateja wakambandika jina la Fundi Sikio, na sasa jina hilo lilikuwa linatajwa kwa kicheko cha chini chini. Mwezi uliopita alimkabidhi mtu gari ambalo beringi yake ilikuwa inalia barabara nzima, yeye akaapa kwamba limetulia kama maji ya mtungini. Watoto wakaitisha kikao. Kaka mkubwa, ambaye hajui hata kubadilisha plagi, akasema mzee apumzike. Fundi aliitazama midomo yao mmoja mmoja, kisha akasema neno lake.

"Injini ya gari la Msajili ikigonga mlimani, siku hiyohiyo nakabidhi funguo za gereji. Isipogonga, msinifuate tena na habari hizi."

Binti ndiye aliyefanya naye kazi kila siku, na alijua gereji ndiyo pumzi yake. Mtoe pale, umemzika. Kwa hiyo asubuhi hiyo alilegeza bolti ya distributa, kifaa kinachozigawia plagi cheche, akaizungusha kidogo kidogo huku akiitazama alama ikipanda, nne, saba, kumi. Akakaza. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga na kujiona kamwokoa baba yake bila hata kumvunjia heshima.

Msajili alifika saa nne kamili. Alikuwa mstaafu wa ofisi ya vizazi na vifo, mtu wa kusoma barua mara tatu kabla ya kuitia sahihi, na kwa gari lake alikuwa hivyo hivyo. Alishika usukani mwenyewe. Fundi akakaa pembeni yake, bisibisi ndefu ikichungulia kwenye mfuko wa ovaroli. Binti akaingia nyuma.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri mno. Msajili akatabasamu. Binti naye alianza kulegeza mabega, lakini mlima ulikuwa bado. Unaanzia nyuma ya kiwanda cha unga, mrefu, hauna huruma, na gari lenye kasoro huko ndiko linakoumbuka.

Walipofika katikati Msajili akakanyaga mafuta. Hapo ndipo mlio ulipoanza, mdogo, mkavu, kama punje za mahindi ndani ya kopo. Binti aliutambua papo hapo. Moto ulikuwa unawahi, unazigonga pistoni kabla hazijafika juu. Mwacheni mtu aendelee hivyo wiki moja, injini imekwisha. Lakini vipi? Alama si ilisoma kumi? Aliisoma kwa macho yake mwenyewe.

"Fundi," alisema Msajili, "linagonga."

Fundi alikuwa anatazama barabara mbele, ametulia. Hakugeuka. Binti aliomba moyoni Msajili asirudie. Msajili akamgusa bega.

"Nasema linagonga."

Fundi akaweka kiganja juu ya dashibodi. Alikaa hivyo kitambo, na uso wake ukabadilika.

"Simama pembeni. Usizime."

Alishuka, akafungua boneti, akasimamisha ncha ya bisibisi juu ya injini na kuuma mpini wake. Akafumba macho, mkono mmoja ukivuta waya wa karabureta ili injini ipande. Kwa miezi kadhaa binti alikuwa amemwona akiuma bisibisi namna ile na kudhani ni vituko vya uzee. Sasa ndipo alipoelewa, na uelewa huo ulimchoma. Mlio ulikuwa unapanda kwenye chuma na kumwingia kupitia meno. Mzee alikuwa hajaacha kuisikiliza injini hata siku moja.

Fundi alimwashiria Msajili azime. Akachukua kitambaa, akafuta shina la distributa. Kila alipomaliza kutega taimingi, Fundi alipiga mkwaruzo mmoja wa msumari, ulionyooka kutoka kwenye shina la distributa mpaka kwenye injini. Mkwaruzo wa gari hili ulikuwa umekatika. Nusu ya juu na nusu ya chini zilipishana unene wa ukucha. Binti aliuona, akaona na baba yake ameuona. Alisubiri ageuke amtazame. Hakugeuka.

"Bwana Msajili," alisema Fundi taratibu, "kosa ni langu. Nimewahisha moto. Masikio yangu yamekwisha."

Maneno hayo hakuwahi kuyasema, hata kwa daktari. Akatoa bunda la funguo mfukoni, akaliweka juu ya bawa la gurudumu la mbele.

"Kuanzia leo kazi yote ni ya binti yangu. Mkono wake hauna dosari, mwamini."

Kisha akainama tena kwenye injini, kufuta pasipo na uchafu.

Binti alizitazama funguo. Fundi anayegusa kazi ya mwenzake kwa siri, nani atamwachia gari? Baba yake alilijua hilo, ndiyo maana alijibebesha kosa.

"Si yeye," alisema. "Niligusa mimi, asubuhi."

Msajili akamgeukia, kinywa wazi. Fundi akaendelea kufuta. Hakuwa amesikia. Kwa hiyo binti angeweza kuishia hapo, ukweli umeshasemwa, tena mbele ya shahidi, na hakuna atakayemlaumu. Wazo hilo lilimjia, akaona aibu kwamba limemjia. Akazunguka upande wa pili wa boneti, akamnyang'anya baba yake kitambaa, akangoja mpaka macho ya mzee yakapanda kwenye mdomo wake.

"Baba. Niligusa mimi. Nilijua husikii, nikadhani na kazi huijui tena."

Fundi aliinuka kutoka kwenye injini.

"Ulifuata alama ya puli?"

"Ndiyo."

"Mpira ulio ndani ya puli umechoka. Ule ukingo wa nje umeteleza, alama inadanganya nyuzi sita, ikisoma nne ni kumi. Mimi nilitega kwa kuipima pistoni yenyewe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Na la masikio, mimi ndiye sikukwambia."

Msajili akakohoa. "Samahani, ila gari langu bado liko mlimani."

Fundi akaokota funguo, akazirudisha mfukoni. Kutoka mfuko uleule akatoa spana, akampa binti yake.

"Rudisha mstari."

Alilegeza bolti, akazungusha mpaka nusu mbili za mkwaruzo zikakutana. Wakateremka hadi kiwandani, wakaanza mlima upya. Walipofika mahali palepale, Msajili akakanyaga mafuta.

Fundi hakuweka mkono kwenye dashibodi. Aligeuka mwili mzima kitini kuelekea nyuma, mbele ya mteja, akamuuliza binti yake:

"Unasikia nini?"

"Injini tu, Baba," alisema, polepole, auone mdomo wake.